Msikiti Mkuu wa Gede: Ulijengwaje, na Nani Aliujenga?

Nina deni, na deni hilo nataka kulilipa hapa mbele yenu nyote.

Wale mliohudhuria mdahalo wa chama chetu muhula wa pili mwaka jana mtakumbuka jinsi nilivyoaibika. Hoja ilisema kwamba majengo ya kale ya pwani yalijengwa na wageni, na wenyeji walikuwa wapagazi tu. Mimi nilikuwa mpinzani. Nilisimama kifua mbele kama jogoo wa mjini, nikasema Gede ni yetu na ilijengwa na watu wa hapa hapa. Msemaji wa upande wa pili, ambaye nilisoma naye shule ya msingi, akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Una ushahidi gani?" La pili: "Kama ni ya mababu zako, mbona tulipokuwa darasa la sita ulichora herufi za jina lako ukutani kwa msumari?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hata mwalimu mlezi alijifunika uso kwa daftari. Niliketi jasho likinitiririka, na tukashindwa kwa kura nyingi.

Swali la pili lilikuwa la kweli tupu, na nitalirudia. Lakini lile la kwanza ndilo lililoninyima usingizi. Ushahidi gani? Nilikuwa nimelisema jambo kwa sababu nilipenda liwe hivyo, basi. Sisi wa kutwa tuna bahati moja: kengele ya jioni ikilia tunarudi makwetu, na Jumamosi ni yetu. Nikaazimia kwenda Gede mara nne, si kutembea, bali kuusoma Msikiti Mkuu kama mtu asomavyo kitabu cha hadithi, ukurasa baada ya ukurasa. Hii ndiyo taarifa yangu.

Kwanza kwa wale wa bara ambao hawajafika. Gede iko kusini mwa Malindi, mwendo wa kilomita 16 hivi, ndani ya msitu. Vitabu vingi huandika Gedi, na inasemekana ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani. Mji wenyewe ulizungushiwa ukuta uliofunika eneo la ekari 45, nje yake kukiwa na mashamba na vibanda vya udongo ambavyo havikuacha mengi. Watu walianza kuishi hapo yapata karne ya 11 au ya 12. Karne ya 15 ndiyo iliyokuwa ya neema. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ukahamwa, mibuyu na mikwaju ikaingia sebuleni. Bwana John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alifika mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikautangaza kuwa mahali pa historia, na kuanzia 1948 hadi 1958 James Kirkman akauchimba. Mwezi Julai mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ajabu moja tu niitaje hapa: Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, mwendo wa saa chache kwa miguu, na hakuna andiko lao lililoutaja mji huu. Sijui walikuwa wakitazama wapi!

Sasa tuingie msikitini. Mimi ni mtu wa kanisani, kwa hiyo nilimwomba mwenzangu mmoja wa darasani, Mwislamu, anisindikize. Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Paa lilikwisha kuanguka zamani za kale, kwa hivyo unaposimama ndani unaona mbingu na matawi. Mbele, upande wa kaskazini, iko mihrabu, yaani kile kipenyo cha ukutani kinachoonyesha kibla, kwani hapa kwetu Makka iko upande huo. Katikati zimesimama nguzo nene za mraba, safu tatu, na kila safu ina nguzo sita.

Hapo ndipo fumbo lilipoanza. Safu ya katikati imekuja moja kwa moja mbele ya mihrabu. Yaani ukiketi nyuma, katikati kabisa ya msikiti, hutaiona mihrabu, utaona nguzo! Kanisani kwetu fundi akifanya hivyo wazee wa kanisa watamfukuza siku hiyo hiyo, maana kila mtu anataka kumwona mhubiri. Nikamwambia mwenzangu, "Huyu fundi alikosea." Akacheka, akasema mwenye kuswali hahitaji kumwona imamu, anahitaji kusimama sawa kwenye safu na kumsikia. Jibu lilikuwa zuri, lakini halikunitosheleza. Kutohitaji kuona ni jambo moja, kuweka nguzo pale makusudi ni jambo jingine. Mbona asiweke safu mbili, au nne, katikati pakabaki wazi?

Jibu nililipata nyumbani, kwenye kigoda cha babu mzaa mama. Babu ujanani mwake alikuwa akichoma chokaa na kuezeka nyumba za mawe. Nilimchorea msikiti mchangani kwa kijiti. Alitazama kidogo tu, kisha akaniuliza, "Dari ilikuwa ya nini?"

"Ya mawe na chokaa, babu. Juu ya miti."

"Miti gani?"

"Sijui."

"Basi wewe hujauona huo msikiti, mjukuu wangu."

Akanieleza. Dari la kale la pwani hukaa juu ya boriti. Boriti ni mkoko, mti wa kwenye maji ya chumvi, na mti huo hauliwi na mchwa upesi. Wauzaji wa miti huihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene una jina lake: fito ndizo nyembamba, zinafuata pau, halafu mazio, halafu boriti, halafu nguzo. (Wanachama wa chama chetu, hayo ni maneno matano ya Kiswahili safi ambayo wengi wetu tungeyaita yote "miti".) Sasa, boriti ikibeba makuti inaweza kwenda mbali. Ikibebeshwa mawe na chokaa haivumilii. Ukiiachia zaidi ya mita tatu hivi bila kuishika, inapinda, na ikipinda dari lapasuka. Kwa hiyo chumba cha mawe cha pwani huwa chembamba, na fundi akitaka ukumbi mpana hana budi kusimamisha nguzo kila baada ya urefu wa boriti moja.

"Hesabu mwenyewe," babu akasema. "Upana wa msikiti ugawe kwa boriti."

Wasomaji, niliona kama mtu aliyewashiwa taa. Upana ule unataka boriti nne ubavu kwa ubavu. Boriti nne zinakutana mahali patatu. Mahali patatu ni safu tatu, na safu ya pili kati ya tatu haina pa kwenda ila katikati! Fundi hakukosea. Alianza hesabu yake kwenye mkoko, nguzo zikafuata zilipofuata, na mihrabu ikavumilia. Nilirudi Jumamosi iliyofuata nikapima kwa hatua kutoka nguzo hadi nguzo, na kutoka nguzo hadi ukuta. Hatua zangu ni tatu na kidogo, kila mahali. Ukiingia katika magofu ya nyumba za jirani unakuta vyumba vyembamba na virefu, upana wake karibu ni ule ule. Mji mzima ulipimwa kwa kipimo kimoja, na kipimo chenyewe kiliota kwenye matope ya bahari yetu.

Huo ulikuwa ushahidi wangu wa kwanza, na naona ndio mkubwa kuliko yote.

Kuta nazo zina maneno yao. Mawe yake ni ya matumbawe, na yapo ya aina mbili. Kuna jiwe gumu la matumbawe yaliyokufa zamani ambalo huchimbwa nchi kavu. Hilo ndilo lililojazwa ukutani, vipande vya kila umbo, vikishikwa na udaka wa chokaa na mchanga. Kisha kuna tumbawe laini litolewalo baharini likiwa bichi. Likiwa na maji bado linachongeka kwa urahisi. Likikauka linakuwa gumu. Hilo lilitumiwa mahali panapotaka ufundi, kama vile miimo ya milango, matao na mihrabu. Yaani fundi alijua jiwe la kuficha na jiwe la kuonyesha. Maarifa hayo hayawezi kuja na mtu aliyeshuka jahazini juzi. Ni ya mtu aliyekulia kando ya mwamba wa bahari hii, anayejua maji yanatoka saa ngapi.

Chokaa yenyewe sikwambii. Babu anasema walipanga magogo kwa duara hadi yakawa kama jukwaa, juu wakarundika matumbawe, wakatia moto ukawaka usiku kucha na zaidi. Mawe yakishaungua huachwa nje yapigwe na mvua na umande, nayo hupasuka yenyewe na kuwa unga mweupe. Sisi wa kidato cha tatu tunaosoma kemia tunalijua jambo hili kwa jina lingine: jiwe likiungua linapoteza hewa ya kaboni dioksaidi, kisha linakunywa maji. Likishapakwa ukutani huivuta tena hewa ile kidogo kidogo, miaka na miaka, mpaka linarudi kuwa jiwe kama lilivyokuwa. Mwalimu wa kemia alipofundisha somo hilo mimi nilikuwa nachora jahazi kwenye daftari. Laiti angetaja Gede!

Tukirudi kwenye mihrabu, tao lake limechongwa kwa tumbawe, na hapo zamani palipachikwa vibakuli vya kaure. Utaona alama za duara mahali vilipokaa. Vyombo vya kaure vilitoka China, navyo vilichimbuliwa vingi katika mji huu. Wachimbaji waliziita nyumba za Gede kwa vitu walivyoviokota ndani yake, kama Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri na Nyumba ya Sanduku la Pembe. Mimi nilidhani matajiri wa kale walikuwa wakivificha vyombo vya thamani kabatini kama wafanyavyo mama zetu. Kumbe hapa walivitoa wakavigandisha kwenye ukuta wa nyumba ya ibada, mahali ambapo kila mtu aliyeinua macho angeviona, awe tajiri au mchukuzi wa maji.

Na juu ya tao la mlango mmoja pamechongwa umbo la mkuki mpana. Mkuki msikitini! Mwenzangu naye alishangaa. Hauna maandishi wala maelezo, umekaa tu pale. Lakini sisi sote tunajua maana ya mkuki mkononi mwa mzee wa Kiafrika: ni alama ya mamlaka. Wala sidhani kama mtu angeuchonga pale ila kwa ridhaa ya waliokuwa wakiswali humo.

Upande wa nje kuna ua wenye kisima na birika, ambapo watu walitia udhu kabla ya kuingia, na ngazi ya kupandia darini. Msikiti huu hauna mnara. Mwadhini alipanda ngazi hiyo, akasimama juu ya zile boriti na ile chokaa, akaadhini. Nilikaa kwenye ngazi hiyo Jumamosi ya tatu, msitu umetulia tuli, tumbili wakinitazama, nikawaza kwamba kwa miaka zaidi ya mia moja na hamsini mtu mmoja baada ya mwingine alikanyaga pale mara tano kila siku.

Kisima kina huzuni yake. Kilichimbwa, kisha kikaongezwa kina, na hilo huwafanya wataalamu waseme maji ya ardhini yalikuwa yakizama. Inawezekana hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowahamisha watu. Nyingine zinazotajwa ni vita vya Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, kuhamia Mombasa kwa shehe wa Malindi pamoja na Wareno mwaka 1593, na kusogea kwa Waoromo kutoka kaskazini. Mimi naona mtu anaweza kumvumilia adui lakini hawezi kuvumilia kisima kikavu. Hayo ni maoni yangu, asije mtu akaniuliza ushahidi.

Basi sasa nimjibu msemaji wa upande wa pili. Alikuwa na haki ya kusema alivyosema, maana hata wasomi wakubwa walisema hivyo. Kirkman mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu msikiti huu huu, aliuita Gede mji wa Waarabu. Lakini wachimbaji waliokuja baadaye waliona mengine. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye alama za miti zilizoachwa na misikiti midogo ya mbao na udongo, ya tangu karne ya 8. Yaani watu walianza kuswali ndani ya kibanda kama cha kwetu, wakajenga upya, wakajenga tena, vizazi kwa vizazi, hadi wakafikia jiwe. Hakuna jahazi lililoshusha mji uliokwisha kujengwa. Hata hapa Gede, Msikiti Mkuu wa karne ya 15 ulisimama mahali palipokuwa na jengo la awali, nao ukajengwa upya kiasi cha karne moja baadaye.

Hata hivyo nisiwe kama nilivyokuwa mwaka jana, wa kuvutia kamba upande mmoja. Karibu na msikiti kuna kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 kwa kalenda yetu ya shule. Dini ilitoka ng'ambo, na maandishi hayo pia. Mwaka 2023 wataalamu wa vinasaba walitangaza kwamba walipima mifupa ya watu wa kale wa mwambao, kutoka sehemu kama Mtwapa, Manda na Kilwa, wakakuta damu ya Kiafrika, zaidi upande wa akina mama, na damu ya Kiajemi, zaidi upande wa akina baba. Kwa hiyo wageni walikuja, wakaoa, wakawa watu wa hapa. Mtoto wa ndoa hiyo ukimwuliza kama yeye ni mgeni au mwenyeji atakuona punguani. Lakini kaburi la nguzo, lile refu kama mnara lililo papo hapo Gede, ni desturi ya mwambao wetu. Na hesabu ya boriti nne na nguzo safu tatu ilifanywa na mtu aliyeujua mkoko tangu utotoni. Hapo sitarudi nyuma hata tukipigiwa kura mara kumi.

Limebaki swali la pili.

Jumamosi ya nne nilikwenda peke yangu. Nilizitafuta zile herufi, si msikitini, namshukuru Mungu, bali kwenye lipu ya nyumba moja ya jirani. Nilizikuta. Ni tatu, zimepinda kidogo, na pembeni yake watu wengine wameongeza zao, kama kwamba nilifungua mlango. Lipu iliyochubuka pale ni ile chokaa iliyokuwa ikijigeuza kuwa jiwe tangu kabla ya Vasco da Gama kufika Malindi mwaka 1498. Mimi niliikwangua kwa muda wa kula andazi.

Nilikuwa nimemwambia babu kwamba nitanunua saruji kidogo nikazibe. Alikasirika. Alisema saruji ni ngumu kuliko ukuta ule, inaziba pumzi zake, maji ya chumvi yanafungiwa ndani, na mwisho inabanduka na kipande cha ukuta juu yake. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa, tena na fundi aliyeruhusiwa. Kwa hiyo nilienda mikono mitupu.

Mzee mmoja wa pale anayetunza magofu alinikuta nimechutama mbele ya ukuta. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikamwambia nasoma yaliyoandikwa. Akasogea, akainama, akatikisa kichwa. "Watoto wa shule hawa," akasema. "Unamjua aliyeandika hizi?"

Nikamwambia ni mimi.

Hakunigombeza. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda nyuma ya ukuta akarudi na ufagio wa njukuti. Nilifagia majani ya mibuyu kuanzia ua wa kisima hadi mlango wenye mkuki, mpaka saa kumi na moja jioni, lango lilipofungwa.